Penseli Haina Roho

Ikitoka trela ya katuni ya zamani iliyofanywa upya kwa kompyuta, hukumu hutolewa hata kabla trela haijaisha. Haina roho hii. Nyuso za plastiki. Zamani watu walichora kwa mkono, kwa mapenzi yao yote. Siku hizi kompyuta inafyatua tu. Anayesema hivyo haombwi ushahidi, maana anaowaambia wameshakubaliana naye. Hata aliyeipenda katuni hiyo mpya huanza kwa kuomba radhi: najua ni ya kompyuta, lakini...

Naandika kuipinga hukumu hiyo. Sisemi kazi hizi mpya ni nzuri. Nyingi ni mbovu, na nitaanza na moja iliyo mbovu kwelikweli, asije mtu akaniambia nimejichagulia ushahidi mtamu. Ninachosema ni kwamba mshitakiwa siye. Tumemtia ndani asiye na hatia, na mwenye kosa tumemwacha atembee barabarani, akijiandaa kurudia.

Chukueni Saint Seiya. Manga ya Masami Kurumada, yaani hadithi ya michoro ya Kijapani, ilifanywa anime, yaani katuni, na studio ya Toei Animation, na vipindi 114 vikarushwa Japani tangu Oktoba 1986 hadi Aprili 1989. Ufaransa iliipata mwaka 1988 katika kipindi cha watoto cha Club Dorothée. Brazil iliipata 1994 kupitia televisheni ya Manchete. Watoto wa nchi hizo, na wa nchi nyingine nyingi, wakakua wakimjua Seiya, yatima aliyepelekwa Ugiriki akasotea deraya ya shaba ya kundi la nyota la Pegasus. Kisha tarehe 19 Julai 2019 Netflix ikatoa toleo jipya la kompyuta, lililotengenezwa na Toei hao hao. Mashabiki wa zamani walilitazama wamekunja nyuso, na walikuwa na haki. Nywele hazitikisiki, ngozi inang'aa pasipo sababu, na mtu akipigwa ngumi hurushwa hewani kana kwamba hana uzito.

Kelele zikapigwa: mnaona kompyuta ilivyotuharibia! Sasa tuyataje yaliyouma, moja baada ya jingine, na kwa kila moja tuulize ni nani aliyelifanya.

La kwanza ni Shun. Shun wa 1986 ni mvulana mwenye deraya ya rangi ya waridi, mwepesi wa kulia, mwenye kuchukia ugomvi. Minyororo yake ni miwili: wa mkono wa kushoto humzungukia kumlinda, wa kulia hushambulia, na mara nyingi yeye angependa ule wa kulia usihitajike kabisa. Katika hadithi iliyojaa wavulana wanaomaliza kila jambo kwa ngumi, Shun ndiye aliyeuliza kama ngumi ni jibu. Toleo la 2019 likamfanya msichana, likamwita Shaun. Mwandishi mkuu wa toleo hilo, Eugene Son, alijitokeza hadharani akasema uamuzi ulikuwa wake, na kwamba kundi la wavulana watupu halifai tena kwa zama hizi. Nia naielewa. Matokeo yake lakini ni kwamba mvulana mpole, kiumbe adimu katika katuni za vita, alifutwa, na nafasi yake akapewa msichana mpole, kiumbe tuliyeshiba kumwona. Uamuzi huo ulipitishwa kwa maneno, mezani, kabla fundi yeyote hajawasha mashine. Ungechorwa kwa penseli bora kuliko zote duniani, bado Shun angekuwa hayupo.

La pili ni vifaru. Waandishi waliongeza adui mpya, Vander Guraad, mtu mwenye jeshi lake, na mashujaa waliopewa nguvu na nyota wakajikuta wakipambana na vifaru na helikopta. Hadithi ya Kurumada ilikuwa na ulimwengu wake, ambamo ngumi ya kijana hupasua ardhi na bunduki haina maana. Ukileta kifaru umemlazimisha mtazamaji apige hesabu. Kama ngumi inakishinda kifaru, jeshi linasubiri nini kukimbia? Kama haikishindi, sisi tunatazama nini? Programu ya kompyuta haikuomba kifaru. Kuna mtu alikiandika, mwingine akakipitisha.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni haraka. Katika mfululizo wa zamani, Athena, mungu wa kike ambaye Seiya na wenzake humlinda, anachomwa mshale wa dhahabu kifuani, na wafuasi wake wana saa 12 kupanda majumba 12 ya mashujaa wa dhahabu ili kumwokoa. Saa ya moto imesimama juu ya mlima, na kila saa ikipita ulimi mmoja wa moto unazimika. Safari hiyo ilichukua zaidi ya vipindi 30. Vipange mfululizo, uone: muda wako wa kutazama unakaribia zile saa 12 za hadithi yenyewe. Mtoto wa zama hizo aliyesubiri wiki nzima kujua kama Hyoga, mwenzake Seiya, aliyegandishwa katika barafu atafufuka, na akamwona Shun akijitoa uhai wake kidogo kidogo kumpa joto, aliuona muda ukipita mwilini mwake. Mwaka 2014 Toei walitoa filamu ya kompyuta ya safari hiyo hiyo, Legend of Sanctuary. Majumba yote 12 yalibanwa katika dakika zisizofika 100, na bado zikapatikana dakika za kumfanya Deathmask, mmoja wa mashujaa wa dhahabu, aimbe na kucheza kama yuko jukwaani. Watu walitoka wakisema filamu haina uzito, na lawama wakaibebesha picha. Uzito uliondoka siku saa 12 zilipokatwa.

Nitaongeza moja dogo, kwa kuwa linachekesha. Katika mfululizo wa zamani kila shujaa hubeba deraya yake mgongoni ndani ya sanduku kubwa la chuma lenye nakshi ya nyota yake, limefungwa kwa mikanda mabegani. Unamwona kijana wa miaka 13 akipanda mlima na sanduku lile, na bila neno kusemwa unajua amebebeshwa nini. Filamu ya 2014 iliyatupa masanduku, ikaweka kibati cha kuvaa shingoni kama cha askari. Sasa, kati ya maumbo yote chini ya jua, sanduku ndilo jepesi kuliko yote kwa kompyuta kulichora. Ni jambo la kwanza anafundishwa mwanafunzi siku anapofungua programu. Kama sanduku limeondoka, nani kaliondoa?

Hapo mtetezi wa penseli atasema: sawa, waandishi wamekosea, ila wale wa zamani waliiheshimu kazi ya asili. Waliiheshimu? Anime ya 1986 iliwaingiza mashujaa watatu wa chuma, Sho, Daichi na Ushio, wasiokuwemo kabisa katika manga, wenye deraya za kiteknolojia. Yaani teknolojia iliyowaudhi watu mwaka 2019 ilishapenya mlangoni zamani, ikichorwa kwa mkono. Iliongeza pia mkasa mzima wa Asgard, vipindi zaidi ya 20, ambao Kurumada hakuuandika katika manga. Na kwa kuwa manga ilikuwa bado inaendelea, Toei walimtungia Hyoga mwalimu wao wenyewe, Crystal Saint. Baadaye Kurumada alipomtambulisha Camus kuwa ndiye mwalimu, ikabidi Camus ageuzwe mwalimu wa mwalimu ili hesabu ikae sawa. Hapo pembeni kampuni ya Bandai ilikuwa ikiuza wanasesere wenye deraya za kuvuliwa na kuvishwa. Biashara ilikuwemo tangu siku ya kwanza, na haikuizuia katuni ile kuwa nzuri. Asgard, niliyoitaja kama nyongeza, wengi wetu tunaihesabu miongoni mwa sehemu bora za mfululizo.

Kuhusu mapenzi yale ya mkono, historia nayo inasema mengine. Anime ya televisheni kama tunavyoijua ilianza tarehe 1 Januari 1963, Osamu Tezuka alipotoa Astro Boy. Aliiuza kwa kituo kwa bei isiyofikia gharama, na ili studio isife akalazimika kubana kila kitu. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde. Studio yake ikajifunza kuchora 8, tena pungufu ya hapo panapowezekana. Mdomo husogea, uso umekaa. Mandhari ya nyuma hutelezeshwa, mtu akaonekana anakimbia. Michoro ya tukio moja huwekwa akiba ili itumike tena wiki ijayo, na ya baadaye. Tezuka alipofariki mwaka 1989, Hayao Miyazaki aliandika maneno makali kuhusu urithi huo, akiulaumu kwa bei duni na kazi ya haraka iliyowabana wachoraji wote waliofuata. Mnayemtaja kila mara kuwa imamu wa mchoro wa mkono ndiye aliyesema mkono ule ulikuwa unafanya kazi ya kulipua.

Saint Seiya ilirithi mbinu hizo zote. Tazameni tena Seiya anapotaka kurusha ngumi za kimondo: mikono inachora nyota za Pegasus hewani, mwili unawaka, ngumi zinamiminika. Picha ni zile zile mlizoziona kipindi kilichopita. Adui husubiri ameganda huku shujaa akikumbuka utoto wake. Mistari ya kasi hupita nyuma ya mwili usiosogea. Haya ni maarifa ya uhaba, na hayakuja kwa sababu mtu aliipenda penseli. Yalipendeza kwa kuwa kulikuwa na watu waliojua la kufanya na uhaba huo. Shingo Araki na Michi Himeno walibuni nyuso zenye macho marefu na majonzi yaliyokaa tayari kupigwa picha zikiwa zimetulia. Seiji Yokoyama alitunga muziki wa okestra unaojaza pale picha inapokaa kimya. Mwongozaji Kozo Morishita alijua sekunde ngapi uso utulie kabla mtazamaji hajachoka. Mkituambia hiyo ndiyo roho, nakubali. Lakini ni kazi ya watu hao, na mtu mwenye akili yao akipewa kifaa kingine ataifanya tena.

Kama kweli roho imo katika mchoro wa mkono, basi kila palipo na mkono tungeikuta. Mwaka 2012 Toei walitoa Saint Seiya Omega, vipindi 97, imechorwa kwa mkono. Deraya zikageuzwa vito vidogo vya kuvaa, zikivaliwa zinabana mwili kama nguo za mazoezi. Mashabiki waliolia 2019 walishalia 2012, kwa sababu zile zile, na hapo hapakuwa na kompyuta ya kusingizia. Nendeni nyuma tena, 2003, kampuni ya DIC ilipopeleka mfululizo wenyewe wa 1986 katika televisheni ya Marekani. Michoro ilikuwa ile ile, ya Araki na Himeno. Damu ikabadilishwa rangi isionekane damu, wimbo wa ufunguzi ukang'olewa ukawekwa mwingine, mazungumzo yakapunguzwa makali. Haikushika, wala haikumaliza safari. Penseli yote ilikuwemo na haikuweza kuokoa kitu. La kuvunda halina ubani.

Mnataka mfano ulio nje ya familia hii? Agosti 2015 kipindi cha 5 cha Dragon Ball Super kilirushwa, kimechorwa kwa mkono, na picha zake za shujaa Goku mwenye uso uliopinda zilizunguka duniani zikichekwa kwa miaka. Mwaka 2022 Toei hao hao wakatoa filamu ya Dragon Ball Super: Super Hero, karibu yote ya kompyuta. Trela ikazomewa. Filamu ilipofika ukumbini watu waliona Piccolo amepewa hadithi yake hatimaye, akimlea Pan, binti wa Gohan, huku akimwamsha Gohan mwenyewe aliyezama katika vitabu. Huko Marekani filamu hiyo iliongoza mauzo ya sinema wiki yake ya kwanza. Waliozomea hawakurudi kusema wamebadili mawazo kuhusu kompyuta. Walisema tu filamu ni nzuri, wakaiacha nadharia yao ikae pale pale, ikisubiri trela inayofuata.

Ila shahidi wangu mkuu ni The First Slam Dunk. Mfululizo wa zamani wa Slam Dunk, vipindi 101 kati ya 1993 na 1996, ulikatika kabla ya mechi ya mpira wa kikapu iliyo kubwa kuliko zote, ya timu za Shohoku na Sannoh. Kwa miaka zaidi ya 25 mashabiki waliidai mechi hiyo. Ilipotangazwa kwamba inakuja, kwa kompyuta, na sauti za waigizaji wa zamani zimebadilishwa, hasira ziliwaka. Filamu ilitoka Japani tarehe 3 Desemba 2022. Iliandikwa na kuongozwa na Takehiko Inoue, mwenye manga. Mauzo ya Japani pekee yalivuka yeni bilioni 15, na tuzo ya Chuo cha Filamu cha Japani ya katuni bora ya mwaka ikaenda kwake.

Itazameni inavyofunguka. Karatasi tupu. Mstari wa penseli unajichora, ukawa mguu, kiatu, bega. Mchezaji mmoja anaanza kutembea kuja kwetu, halafu wa pili anachoreka kando yake, wa tatu, mpaka watano. Inoue anawaambia mashabiki wa penseli, bila kufungua mdomo, kwamba anajua wanachokidai. Mechi inapoanza ndipo kompyuta inalipa. Katika mfululizo wa 1993, mwenye mpira alisogea na wengine tisa wakasimama, maana hakuna studio ya televisheni iliyoweza kuwachora kumi wakikimbia kila wiki. Hapa kumi wote wanacheza. Ryota Miyagi wa Shohoku anapenya kati ya mabeki wawili wanaombana, na pembeni kabisa ya picha unamwona mtu asiye na mpira akijipanga, anamsukuma mlinzi wake kwa nyonga, anaomba pasi asiyopewa. Huo ndio mpira wa kikapu wenyewe, na penseli ya televisheni haikuwahi kuweza kutuonyesha. Kisha sekunde za mwisho: sauti zinakatwa zote, viatu, pumzi, mashabiki, vyote, na mchezo unaamuliwa katika ukimya mtupu. Niambieni hapo roho ilikosekana wapi.

Sasa nije kwenye hoja yao iliyo nzito, kwa maana wanayo moja, na mara nyingi wenyewe hawaisemi vizuri. Mchoro ukitulia, unabaki mchoro: jicho letu linaukubali, kwa sababu kila mstari uliopo umechaguliwa na mtu. Umbo la kompyuta likitulia linakuwa sanamu. Likisogea nalo, mashine hujaza yenyewe kila picha kati ya pozi moja na jingine, mwendo ukawa laini mno, mtu akaonekana anaelea majini. Mbinu zilizomsaidia Tezuka, yaani uso uliotulia na picha chache, ndizo zinazoliua umbo la kompyuta likizitumia ovyo. Hili ni kweli, na ndilo lililoonekana katika zile nywele zisizotikisika za 2019.

Lakini ni tatizo la ufundi, na mafundi walishalipatia dawa. Unapunguza picha makusudi, uondoe zile alizojaza mashine, mwendo ukawa na mikato kama wa kuchorwa. Unalipinda umbo lenyewe, mkono ukarefuka mara moja pale ngumi inaporushwa, kama wachoraji walivyofanya siku zote. Studio ya Orange ilifanya hivyo mwaka 2017 katika Houseki no Kuni, hadithi ya viumbe waliofanyika kwa vito, na nywele za mhusika wake Phosphophyllite zikapitisha mwanga na kuuvunja jinsi mkono wa mtu usingeweza kuufuata picha baada ya picha. Inoue alikuwa akizichukua picha zilizotoka kwenye kompyuta na kuzisahihisha kwa kuchora juu yake mwenyewe. Dawa ipo, ila inataka muda, fedha na mtu mwenye jicho. Kazi inapotoka nyuso zimekauka, jueni kimojawapo kati ya hivyo vitatu hakikulipiwa. Mlaumuni aliyekataa kulipa.

Tena hiyo penseli mnayoililia ilishaingia kwenye kompyuta kitambo. Plastiki angavu ambazo michoro ilipakwa rangi juu yake kwa brashi ziliachwa na studio karibu zote miaka ya kuelekea na kufuatia 2000. Katuni ya Sazae-san, iliyochelewa kuliko zote, iliachana nazo 2013. Katuni mnayoiita ya mkono leo hupakwa rangi kwa kompyuta, huunganishwa kwa kompyuta, hutiwa mwanga kwa kompyuta. Princess Mononoke ya Miyazaki, ya 1997, ilitumia kompyuta katika baadhi ya matukio yake, na Miyazaki huyo huyo baadaye akatengeneza filamu fupi ya kiwavi Boro kwa msaada wake. Mpaka mnaoulinda hauko pale mlipoweka askari.

Na mkono wenyewe, mkono wa nani? Tunapoimba mapenzi ya wachoraji, tunasahau kuuliza walilipwa nini. Chama cha wahuishaji wa Japani, JAniCA, kilitoa mwaka 2015 matokeo ya uchunguzi wake: wachoraji wa michoro ya kati, wanaojaza mwendo kati ya pozi na pozi, walipata wastani wa yeni milioni 1.1 hivi kwa mwaka, fedha ambayo haimweki mtu mjini Tokyo. Kazi nyingi kati ya hizo zilishahamia Korea Kusini na Ufilipino, ambako Toei wana tawi tangu 1986, mwaka ule ule ilipoanza Saint Seiya. Shabiki anayesema alichorewa kwa mapenzi ajue kwamba sehemu ya michoro aliyoipenda ililipwa kwa kipande, ikasukumwa usiku, na mchoraji wake hata jina lake hatulijui. Kuyaita hayo mapenzi ni kumlipa mtu kwa sifa.

Lipo jambo jingine ambalo watetezi wa penseli hulipita haraka. Waulizeni watu wa Ghuba, Waswahili wa Muscat wakiwemo, kuhusu Grendizer. Anime hiyo ya Japani ya 1975 ilitiwa sauti za Kiarabu Beirut, wakati Lebanon ikiungua kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wimbo uliimbwa na Sami Clark, na sauti ya shujaa wake, Duke Fleed, ilikuwa ya Jihad al-Atrash, Kiarabu fasaha cha kuhutubia. Mtu mzima akitaja Grendizer leo, kinachomtoka mdomoni ni ule wimbo na ile sauti. Na nyuso za sehemu ya mfululizo ule zilichorwa na nani? Shingo Araki yule yule wa Saint Seiya. Mkono wake ulikuwepo, na bado nusu ya roho ile ilitengenezwa Beirut na watu ambao hawakuchora mstari hata mmoja. Roho ya katuni huingia kwa milango mingi. Anayesimama kwenye mmoja akidai ndio pekee, hajaizunguka nyumba.

Na kwetu hapa Afrika Mashariki suala hili si la mashabiki tu. Hatukuwa na zama za plastiki na brashi za kuzililia. Katuni ya Tinga Tinga Tales ilihuishwa Nairobi kwa kompyuta mwaka 2010, ikichukua michoro ya Tingatinga ya Dar es Salaam na kuitembeza. Ubongo Kids ilianza Tanzania 2014, kwa kompyuta. Mwaka 2023 filamu fupi za Kizazi Moto zikawaweka waongozaji wa Kenya na Uganda mbele ya dunia. Kijana wa Temeke au Kayole anayejifunza uhuishaji leo anajifunza kwenye kompyuta iliyotumika, na programu ya bure. Tukimeza hukumu ya kwamba kompyuta haina roho, tumemwambia kijana huyo kwamba amechelewa kuzaliwa, na kwamba mlango wa sanaa hii ulifungwa Tokyo kabla hajafika.

Nostalgia si dhambi. Mtu ana haki ya kuipenda katuni ya utoto wake na kutotaka iguswe. Ila mapenzi yasiyochunguza huwafaa wenye mali kuliko yanavyomfaa mpenzi. Studio inayotoa toleo bovu inashukuru mkisema tatizo ni kompyuta: mara ya pili itawapa toleo lenye mistari ya penseli bandia juu ya hadithi ile ile iliyokatwa, nanyi mtalipa mkidhani mmesikilizwa. Inashukuru mno, kwa sababu hamkuuliza bajeti, hamkuuliza mwandishi alipewa vipindi vingapi, hamkuuliza nani aliondoa saa 12 za Athena na kwa faida ya nani.

Basi ikitoka trela nyingine, ulizeni. Nani ameandika, na anaijua hadithi au amepewa muhtasari? Vipindi ni vingapi kwa mkasa ule uliohitaji 30? Mwongozaji ni nani, na ana uamuzi wa mwisho au anatii maagizo ya wauzaji? Wachoraji wanalipwa kwa mwezi au kwa kipande? Muziki umeachiwa nafasi, au umejazwa ili kufunika mashimo? Majibu ya maswali hayo yatawaambia kama kazi itakuwa hai, iwe imechorwa kwa mkaa, kwa penseli au kwa kompyuta. Na ikitoka mbovu, waiteni wenye makosa kwa vyeo vyao: mwandishi, mwongozaji, mtayarishaji, mwenye fedha. Kompyuta haihudhurii vikao vyao.